Tairi Sita za Siku Moja

Tongyeong, 21 Desemba 2014

Kaka Dohwan,

Unajua siwezi kuongea kwenye simu. Hata ningeweza, simu yako imo kwenye droo ya Baba tangu Jumanne ulipoingia kambini. Kwa hiyo nitaandika. Tovuti ya kambi inasema barua zetu zikitumwa mtandaoni zinachapishwa na kugawiwa makuruti kesho yake jioni. Ninyi mnaandika kwa mkono, na za kwenu huchukua siku tano au sita kufika huku kusini. Naona si haki, lakini hakuna aliyeniuliza.

Siku ile nilipotoka kukusindikiza nilimkuta Baba bado yumo ndani ya lori, ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba anaendesha. Aliendesha hadi tukapita Daejeon, nusu ya njia ya kurudi. Ndipo akauliza, "Amevaa soksi nzito?" Nikasema ndiyo. Sikuwa najua, Kaka. Ulivaa?

Sasa jambo lenyewe. Tarehe ya hafla yenu ya kumaliza mafunzo imetangazwa: Alhamisi 22 Januari, saa tano asubuhi. Mtasimama uwanjani na beji ya cheo kiganjani, na mzazi atashuka kumbandikia mwanawe kifuani. Asiye na mgeni atabandikwa na kapteni. Chini yake kuna ilani: wanaokuja kwa gari wawe na tairi za theluji, kwa sababu ya mpando wa Surijae, njia ya kufika kambini.

Nilimsomea Baba wakati wa chakula.

"Zangu ni za misimu yote," akasema. "Mwaka una misimu mingapi?"

"Minne."

"Na baridi imo?"

"Imo, Baba."

"Basi kula."

Nikamwambia nilichosoma maktaba, kwamba mpira wa tairi za kawaida hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi saba, unakuwa kama kandambili iliyolala nje. Akasema juzi tu tumevuka Surijae na barabara ilikuwa kavu kama sahani. Tena lori lake si kama gari la mtu mwingine: mbele tairi mbili, nyuma nne. "Sita, Sebin. Si nne. Sita!"

Kwa upande wake namwelewa. Mara ya mwisho theluji kuanguka Tongyeong nilikuwa darasa la sita, na iliyeyuka kabla ya chakula cha mchana. Lakini leo asubuhi huko kwenu Hwacheon ilikuwa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Sasa naangalia kila mapumziko. Sijui naangalia ili iweje.

Mdogo wako,
Sebin

*

Hwacheon, 28 Desemba 2014

Mkuu wa Maktaba,

Nilivaa soksi nyembamba, mjinga wewe. Sasa ninazo nzito za jeshi, usijali.

Mimi hapa si Dohwan. Ni Kuruti Namba Sabini na Nne. Afande akinigusa bega tu lazima nipige kelele namba yangu na jina langu, hata kama nimejaza wali mdomoni. Anayelala kando yangu ni Sabini na Tatu, Bong Chanyul, wa Haenam. Kwao wanalima kabichi. Usiku anaota anakula.

Theluji ya huku si ya kupiga picha. Tunaiita uchafu wa mbinguni. Unafagia uwanja hadi mwisho, ukigeuka nyuma umejaa tena. Wiki hii walitupeleka Surijae na mabeleshi. Sebin, ule mpando si ule tuliovuka. Upande wa kivuli umeganda wote, unang'aa kama kioo. Na lori la Baba ndilo baya kuliko yote: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na nyuma hakuna kitu ila spana na ngazi. Hakuna uzito wa kuyakandamiza. Yatazunguka bure.

Mwambie aweke tairi au msije kabisa. Ila usimwambie nimesema mimi. Akijua ni mimi atakuja na kandambili.

Anasema lolote kuhusu mimi? Sisemi lazima aseme. Niliacha chuo cha viyoyozi bila kumwambia, halafu nikajiandikisha jeshini bila kumwambia, najua. Lakini yale maneno ya mezani, kwamba mtu anayekimbia kazi ya baba yake atakimbia kila kitu, labda yeye ameyasahau. Mimi bado nayasikia nikiwa kwenye foleni ya chakula.

Makuruti wengine wanahesabu siku za kutoka. Mimi nahesabu siku za ile beji, na sijui kama natamani ifike au isifike.

Kaka yako,
Dohwan

*

Tongyeong, 4 Januari 2015

Kaka,

Barua yako imefika jana. Leo tumefanya jaribio, na maboksi yameanguka.

Nilikwenda kwa Fundi Mo wa tairi. Unajua nilivyo, nilisimama nje nikisoma bango la bei hadi akatoka mwenyewe kuniuliza kama nimepotea. Nilipomweleza akacheka, kisha akaacha kucheka. Mke wake ni mtu wa Gangwon, jimbo la theluji hilo ulipo, kwa hiyo kigari chake kina tairi za theluji kila mwaka, na mtaa mzima humcheka. Akasema, "Baba yako hawezi kuambiwa. Lazima aone." Akampigia simu hapo hapo: "We Gwangsik, binti yako ana mtihani wa fizikia, unaogopa?"

Nyuma ya kiwanda cha barafu bandarini kuna ua ambako wanamwaga barafu ya samaki iliyosagwa. Fundi Mo aliomba waimwage yote upande mmoja na kuisambaza. Akaja na kigari chake kwa mwendo wa kilomita thelathini, akakanyaga breki, akasimama. Nikapima kwa hatua: kumi na moja.

Zamu ya Baba. Mwendo ule ule. Akakanyaga. Kaka, lori halikusimama. Halikupunguza hata kidogo. Lilipita mbele yangu taratibu, Baba ndani akitazama mbele kama mtu kwenye picha ya kitambulisho, likaingia kwenye mlima wa maboksi ya povu ya chaza. Wale akina mama wanaofungua chaza wakatoka na visu vyao.

"Pyo! Umekuja kununua au kuua?"

"Mwacheni, anajifunza kuendesha!"

"Miaka ishirini na sita ndiyo anajifunza?"

Baba alishuka, akaokota maboksi moja moja hadi yote yakapangwa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akamwambia Fundi Mo, "Hiyo ni barafu ya samaki. Theluji ni kitu kingine."

"Kweli," Fundi Mo akasema. "Theluji ina korongo pembeni."

 Nyumbani akaniuliza, bila hasira, "Tairi sita kwa siku moja. Siku nyingine zote nazifanyia nini?"  Nimetafuta kwenye vitabu vinne, vyote vinawajibu watu wanaoishi kwenye theluji. Kwa mtu wa Tongyeong anayepanda na kushuka mtaani kufunga viyoyozi, nadhani hesabu ni yake. Sikutaka kukubali hivyo lakini siwezi kudanganya.

Nikasema basi twende kwa basi. Akasema basi halina jiko. Mnapewa saa chache tu za kutoka na familia, na amepanga kukupikia kuku kwenye lori, chini ya turubai. Ameshajaribu jiko la gesi mara mbili uani, kwenye upepo.

Hivyo ndivyo anavyosema kuhusu wewe.

Sebin

*

Hwacheon, 8 Januari 2015

Sebin,

Naandika kwa haraka. Tumetangaziwa kwamba hafla ya tarehe ishirini na mbili itakuwa ya ndani, ya kijeshi tu. Familia haziruhusiwi. Msijisumbue kuja. Mpe Baba asome.

Mimi ni mzima.

Dohwan

*

Tongyeong, 14 Januari 2015

Kaka,

Nimempa Baba asome, kama ulivyosema. Alisoma akiwa amesimama mlangoni na glavu za kazi mkononi. Alisoma mara mbili, na barua yenyewe ni mistari minne. Akasema "Haya," akaikunja, akanirudishia, akaenda kuhamisha kiyoyozi cha duka la miwani.

Mchana niliingia stoo kutafuta gundi. Chini ya turubai la bluu kulikuwa na kitu cha mviringo. Nikafunua. Tairi, Kaka. Sita. Mpya kabisa, bado zina vile vinywele vya mpira. Nilizigusa, hata kwenye baridi ya stoo zilikuwa laini kama sikio.

Nikakimbia kwa Fundi Mo. Akasema Baba alikuja tarehe sita, siku mbili baada ya ile barafu, akamkataza kuniambia hadi asubuhi ya safari. Alitaka niingie kwenye lori nizione mwenyewe. Na leo, kabla sijafika, alikuwa amempigia simu: kama kuna mtu anazitaka, aziuze.

Nimerudi nimefungua tovuti ya kambi. Inasema familia zinakaribishwa. Nimefungua ukurasa wa wazazi. Mama yake Bong Chanyul wa Haenam ameandika leo kwamba wanakuja na anauliza kama wali ukifungwa kwa vitambaa viwili utabaki wa moto.

Kwa nini ulidanganya?

Baba haangalii tovuti. Ni mimi peke yangu ninayejua. Kila nikimwona namna anavyotembea kuzunguka stoo bila kuingia, naenda kuosha vyombo vilivyo safi. Nikinyamaza, ataamini amekatazwa na jeshi. Nikisema, ataamini amekatazwa na wewe. Usiku huu sitalala. Tangu jioni natunga sentensi. Hakuna hata moja iliyokaa vizuri.

Kama ni yale maneno ya mezani, niambie tu. Lakini umwambie na yeye. Mimi siwezi kubeba hili peke yangu.

Sebin

*

Hwacheon, 15 Januari 2015

Sebin,

Barua yako nimepewa jioni hii. Nimesoma nikiwa chooni kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniita namba.

Sikiliza. Tarehe saba tulipelekwa tena Surijae. Kulikuwa na lori dogo korongoni, la tani moja kama letu, jeupe kama letu. Maboksi ya mwani yalikuwa yametawanyika juu ya theluji. Mtu mmoja wa makamo alikuwa amekaa chini, damu inamtoka kichwani, na kila aliyemkaribia alimwomba amtafutie kiatu chake. Alikuwa na koti la bluu. Nilikuwa mbali kidogo, na kwa muda wa kuhesabu hadi kumi nilidhani ni Baba. Nilianza kukimbia. Afande alinifokea, sikusikia.

Hakufa. Walimchukua. Nilimwokotea kiatu, nikampa, akakikumbatia. Tairi za lori lake nilizitazama kwa karibu. Ni za misimu yote.

Usiku nilisoma tena barua yako ya lile jaribio, pale Baba anapoingia kwenye maboksi. Wenzangu nilipowasomea walicheka hadi wakalia. Mimi sikuweza. Uliandika kwamba hesabu ni yake, nikajua hatazinunua na atakuja hivyo hivyo. Kesho yake nikaandika ule uongo. Sikujua kwamba siku ninayoandika, tairi tayari zimelala stoo.

Si yale maneno ya mezani. Nataka aje. Nikitazama uwanja ule huwa namwona mahali atakaposhukia, upande wa kushoto wa ngazi.

Mpe barua hii mkononi, usimsimulie. Asome mwenyewe. Naomba tu ifike. Ninaipeleka kwenye sanduku sasa hivi, lakini leo ni Alhamisi jioni, katikati kuna Jumapili, na nyie mko mwisho wa nchi.

Dohwan

*

Tongyeong, 21 Januari 2015, saa kumi na nusu jioni

Kaka,

Hii utaisoma kesho jioni, baada ya kila kitu. 

Barua yako imefika saa moja iliyopita. Nilimsubiri Baba langoni, nikampa. Alisoma huku mgongo ameuegemeza kwenye lori. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha akaniuliza, "Jeki iko wapi?"

Fundi Mo amekuja akikimbia na viatu vya nyumbani. Tairi hazijauzwa. "Nani Tongyeong anunue tairi za theluji?" anasema. "Niliwauliza watu wawili, mmoja akaniuliza kama nimelewa." Sasa wako wawili chini ya lori na mimi natoa spana. Zimebaki mbili za nyuma.

Tunaondoka muda huu huu. Tutalala Chuncheon, mji wa karibu na kambi, kwenye bafu la umma lenye ukumbi wa kulala wageni, asubuhi tuvuke. Utabiri wa kesho: theluji, sentimita kumi na mbili.

Baba ananiita.

S.

*

Tongyeong, 25 Januari 2015

Kaka,

Ulipotuuliza wakati wa kula kwa nini tulichelewa, Baba alisema, "Kulikuwa na foleni." Nawe ukasema, "Ndiyo, Baba." Mlimaliza kuku mzima bila kuulizana neno lingine. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yenu na mfupa mkononi nikashindwa kusema. Kwa hiyo nasema hapa.

Tulifika chini ya Surijae saa tatu na dakika ishirini. Tulikuwa na muda tele. Magari tisa yalikuwa yamekwama pale chini, mengine yametazama pembeni. Sisi tukapita. Nilimwona Baba anaongeza mafuta kidogo, anapunguza, anaongeza, kama mtu anayemsikiliza mtoto akipumua. Lori lilipanda. Zilikuwa zinashika, Kaka. Nilitaka kupiga makofi.

Katikati ya mpando tukakuta mama mmoja anapanda kwa miguu. Viatu vyeusi vya harusini, kisigino kimezama, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nyuma yake mumewe na mwavuli. Baba akashusha kioo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu!"

"Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili."

"Basi usinipotezee muda!"

Lori lina viti vitatu. Baba akanitazama. Nikashuka kabla hajasema, wakapanda wao. Akaniambia niteremke nikamsubiri kwenye magari, anarudi sasa hivi.

Unanijua. Siwezi kuagiza supu bila kusoma menyu mara tatu. Lakini pale chini, ndani ya vioo vilivyojaa mvuke, niliona sufuria, maua, watoto waliovalishwa vizuri, na kila mtu anatazama saa. Nikabisha kioo cha kwanza. Nikasema, "Kuna lori linarudi. Mna mtoto kwenye gwaride?" Nikabisha cha pili. Nikabisha vyote tisa. Familia nne zilikuwa za makuruti, ukiacha wale wa mwavuli.

Baba aliporudi sikumweleza, aliona wamejipanga. Akachukua wawili wawili. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari kubwa jipya, limelala ubavu kwenye mtaro. Akaona haya, akaanza kueleza, "Gari langu linavuta magurudumu yote manne, nilidhani..."

"Yote manne yamekuvuta mtaroni," Baba akasema. "Panda."

Kwenda na kurudi ni karibu nusu saa. Sehemu ngumu ni kushuka. Pale hata yeye alikuwa anatoka jasho. Ilipofika saa tano kasoro dakika kumi tulibaki watu watano: baba mmoja na mtoto mdogo, ambao polisi wa barabara walikubali kuwachukua, bibi wa miaka themanini na binti yake, na mimi. Viti viwili.

Baba alitazama saa. Akamtazama bibi. Bibi akasema, "Nenda na binti yako, baba. Mjukuu wangu ataelewa." Baba akafungua mlango upande wa pili, akamnyanyua bibi kama anavyonyanyua mashine ya kiyoyozi, akamkalisha.

Aliwafikisha langoni mwa kambi saa tano na dakika tano. Aliniambia mwenyewe baadaye. Alikuwa pale, Kaka! Ngazi za uwanja alikuwa anaziona. Angeshuka, akakubandika, halafu akarudi kunichukua. Niliokaa nao kwenye gari walikuwa watu wema, nilikuwa na joto, nisingekufa. Nilimuuliza kwa nini hakuingia.

Akasema, "Nina watoto wawili."

Tukapanda mara ya mwisho. Ilikuwa saa tano na nusu imepita. Alijua imekwisha, nami nilijua. Ndiyo maana alipoegesha hakukimbia.

Na sasa niambie wewe. Tulipofika juu ya ngazi uwanja ulikuwa mtupu. Watu wote wamekwenda kwenye magari na sufuria zao. Palikuwa na mtu mmoja tu katikati, amesimama wima, mkono mmoja umenyooshwa mbele, theluji imejaa mabegani. Nilidhani unaadhibiwa. Kwa nini ulikuwa peke yako?

Sebin

*

Hwacheon, 1 Februari 2015

Sebin,

Nilijua. Wakati wa kula nilikuwa najua kila kitu, nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme.

Wazazi waliposhuka uwanjani sisi tunatazama mbele, marufuku kugeuza hata jicho. Upande wa kushoto wa ngazi hakuna mtu. Nikajiambia barua haikufika. Au ilifika, akasoma, akaona huyu ni mwongo. Kando yangu Sabini na Tatu analia kwa sauti kwa sababu mama yake amefika, viatu vyeusi vya harusini vimelowa hadi soksi, na sufuria hajaiachia. Anambandika huku anapiga domo: "Tungekuwa bado mlimani! Kuna baba mmoja wa kusini, ametupandisha na lori lake, karudi chini kuchukua wengine, hataki hata chungwa. Limeandikwa Pyo Viyoyozi. Binti yake kashuka kutupisha, kabinti kakimya..."

Sikugeuka. Lakini nilipiga kelele bila kuguswa bega: "Kuruti Namba Sabini na Nne, Pyo Dohwan!" Yule mama akaruka, sufuria nusura imwanguke.

Kapteni alikuwa anazungukia wasio na wageni. Akafika kwangu, akanyoosha mkono kuchukua beji. Nikafunga kiganja.

"Sabini na Nne, unafanya nini?"

"Baba yangu yuko Surijae, afande! Anapandisha wazazi wa wenzangu!"

"Kwa hiyo gwaride langu lingoje foleni ya magari?"

"Gwaride limekwisha, afande! Nangoja mimi!"

 Nilidhani nitakimbizwa uwanja mara mia. Akatazama ngazi, wakati ule ule bibi mmoja alikuwa anashushwa na binti yake, anauliza kila askari mjukuu wake yuko wapi. Kapteni akasema, "Basi usitikisike." Akaenda kumshika bibi mkono.

Nikasimama. Wenzangu wakaondoka na familia zao. Uwanja ule ni mkubwa unapokuwa peke yako. Kiganja kilikufa ganzi, sikujua tena kama beji imo au imeanguka, na kushusha macho siruhusiwi. Sikuwa na hofu kwamba hatakuja. Hofu yangu ilikuwa korongo. Kila dakika nilimwona anashuka tena kwa ajili ya mtu mwingine, na nikamchukia kila mtu aliyemrudisha chini, kisha nikaona haya.

Alipokuja alitembea polepole, kama anashuka ngazi na mashine mgongoni.  Vidole vyake vilinuka mpira mpya. Alibandika beji upande, akaibandua, akabandika tena upande ule ule. Akasema, "Simama sawa." Nilikuwa nimesimama sawa kwa dakika arobaini, Sebin.

Sikuinyoosha. Sajenti alinifokea jioni kwa sababu yake.

Wamenipangia kikosi hapa hapa Hwacheon, miezi yote iliyobaki. Mwambie Baba hivyo. Mwambie huku theluji huanguka hata Aprili.

Dohwan

*

Tongyeong, 10 Februari 2015

Dohwan,

Ni baba yako. Sebin amekataa kuniandikia, anasema niandike mwenyewe. Mwandiko wangu unaujua, ni wa risiti.

Tairi bado ziko kwenye lori. Watu wananicheka barabarani. Sebin anasema kwenye lami yenye joto mpira wake laini unalika upesi, nizitoe. Nimemwambia nitazitoa nikijua ratiba yako.

Lile lori la mwani lililoanguka, niliuliza habari zake kwa wenzangu wa barabarani. Mwenyewe ni wa Wando. Amepona. Ana mtoto wa kike na hakuwa na safari ya gwaride, alikuwa kazini tu. Nimempigia simu. Tuliongea muda mrefu kuhusu tairi.

Maneno niliyosema mezani sikuyasahau. Hayakuwa kweli hata siku ile.

Kazi ya viyoyozi si lazima. Ukimaliza jeshi tutaona, au utaona wewe.

Sebin anasema likizo yako ya kwanza ni mwezi wa tatu. Usipande basi. Andika siku na saa, nami nitakuwa langoni. Safari hii nitashuka kwenye lori.

Baba yako,
Pyo Gwangsik